Springi za Pikapu Ivutayo Tela

Katika nchi ya Marekani mkulima asiye na pikapu ni kama mvuvi asiye na mashua. Pikapu ni gari lenye chumba cha watu mbele na sanduku wazi nyuma, nayo hutumika kwa kila kazi ya shamba: kuchukua mifuko ya mbegu, nyasi za mifugo, mbao, nyaya za ua, hata mbwa wa kuchungia. Kampuni ya Ford ilianza kuunda pikapu zake za jamaa ya F mwaka wa 1948, na tangu hapo magari hayo na wenzake wa kampuni nyingine yameenea katika kila jimbo. Walakini sanduku la pikapu ni dogo. Mtu mwenye ng'ombe wanne wa kupeleka mnadani hawezi kuwapakia humo. Basi hufunga nyuma ya pikapu gari jingine lisilo na injini, yaani tela, akawaingiza ng'ombe ndani yake, akaenda zake.

Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Mara tela linapofungwa, mkia wa pikapu hushuka na pua yake huinuka, mfano wa jahazi lililopakiwa shehena yote tezini, omo ikabaki juu ya maji. Usiku taa za mbele humulika matawi ya miti badala ya njia, na madereva wanaokuja upande wa pili hupigwa na mwangaza machoni. Usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na gari huchelewa kuutii. Mwenye pikapu akiona hayo husema, "Springi za nyuma ni dhaifu, na nikanunue nyingine zenye nguvu." Pengine asema kweli. Pengine springi hazina kosa lolote, na fedha yake itapotea bure, na hatari itabaki pale pale. Ili kutambua lipi ni lipi, hapana budi kuelewa kwanza springi hufanya kazi gani.

Chukua ufito mbichi, ubane upande mmoja juu ya meza, upande wa pili uachwe nje ya meza. Tundika jiwe kwenye ncha: ufito utainama kidogo. Tundika jiwe la pili lenye uzito ule ule: utainama mara mbili ya kwanza. Ondoa yote mawili: utarudi ulivyokuwa. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robert Hooke, ndiye aliyeitambua kanuni hii, ya kwamba kadiri uzito unavyozidi ndivyo springi inavyozidi kunyumbuka, kwa kipimo kile kile. Mwaka wa 1676 aliitangaza kwa fumbo, herufi zake zimevurugwa zikapangwa kwa utaratibu wa alfabeti, ili mtu mwingine asimwibie sifa. Na mwaka wa 1678 akalifumbua fumbo lake mwenyewe katika kitabu. Tangu siku hizo kila fundi wa springi hufanya hesabu zake juu ya kanuni hiyo.

Springi ya nyuma ya pikapu nyingi ni kama upinde uliolazwa. Huundwa kwa mabapa ya chuma cha pua yaliyopindwa kidogo na kupangwa moja chini ya jingine, la juu likiwa refu kuliko yote. Mafundi huyaita majani. Jani refu lina tundu kila ncha. Ncha ya mbele hufungwa kwa pini katika fremu ya gari, na ncha ya nyuma huning'inia katika kipande kinachoweza kwenda mbele na nyuma, kwa sababu upinde ukikandamizwa hunyooka, na ukinyooka huwa mrefu zaidi. Katikati ya upinde ndipo ekseli ilipofungwa, kwa boliti zilizopindwa mfano wa herufi U. Katika pikapu nyingi jani la chini kabisa ni nene, tena limenyooka. Gari likiwa tupu halifanyi kazi yoyote, ila mzigo ukizidi wenzake hulilalia, nalo husaidia. Si pikapu zote zilizo hivyo. Ile iitwayo Ram 1500 tangu mwaka wa 2009 ina springi za mviringo, kama nyoka aliyejizungusha. Lakini kanuni ya Hooke haichagui umbo.

Karibu na kila springi pana kifaa kingine, shokapu. Wengi hudhani kwamba shokapu husaidia kubeba mzigo. Sivyo. Shokapu ya kawaida ni mrija wenye mafuta na kijiti kinachoyasukuma mafuta hayo kupita katika matundu membamba, na kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimoni. Mtu anayebadili shokapu peke yake ili mkia wa gari uinuke atauona mkia ukikaa pale pale ulipokuwa.

Sasa tuje kwenye tela lenyewe. Tuseme tela pamoja na ng'ombe wake lina uzito wa kilo 3,000. Sehemu kubwa ya uzito huo huchukuliwa na magurudumu ya tela. Lakini sehemu fulani hukaa juu ya kifungio cha nyuma ya pikapu, pale mkono wa tela unapolala. Kwa matela ya namna hii, sehemu hiyo yapasa kuwa kati ya kilo 10 na kilo 15 katika kila kilo 100. Tuchukue 12: basi kifungio kitakandamizwa kwa kilo 360.

Mtu asiyefikiri atasema, "Kilo 360 si kitu, pikapu yangu hubeba zaidi ya hizo sandukuni." Amesahau mahali uzito ulipokaa. Kifungio hakiko juu ya ekseli ya nyuma, kiko nyuma yake. Watu wawili wakiinua gogo kwa mtaimbo, huweka jiwe chini ya mtaimbo liwe egemeo, na mmoja akikandamiza ncha moja, ncha ya pili huinuka. Pikapu nayo ni mtaimbo, na ekseli ya nyuma ndiyo egemeo. Tuseme toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni meta 3.6, na toka ekseli ya nyuma mpaka kifungio ni meta 1.2, yaani theluthi ya urefu ule. Kilo 360 zinazokandamiza kifungio huinua magurudumu ya mbele kwa theluthi yake, kilo 120. Na hizo 120 haziwezi kupotea hewani. Huhamia magurudumu ya nyuma. Basi ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 360, bali 480.

Ikiwa pikapu tupu ilikuwa na kilo 1,400 mbele na kilo 1,000 nyuma, sasa ina kilo 1,280 mbele na kilo 1,480 nyuma. Ikiwa kila springi ya nyuma hushuka sentimeta 1 kwa kila kilo 40, springi mbili pamoja hushuka sentimeta 1 kwa kila kilo 80. Basi kilo 480 zitaushusha mkia sentimeta 6 pale penye ekseli, na penye bampa zaidi ya hapo. Huo ndio mshuko aliouona mwenye gari. Ila lililo kubwa zaidi hakuliona: zile kilo 120 zilizoondoka mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari, tena kazi kubwa ya kulisimamisha hufanywa na breki za mbele. Gurudumu lililopunguziwa uzito halishiki njia vema, hasa mvua ikinyesha.

Mwenye pikapu akienda dukani ataonyeshwa dawa nyingi, na kila moja ina wasifuji wake. Ya zamani na ya bei ndogo ni kuongeza jani moja katika springi. Mafundi wa Afrika Mashariki waijua sana dawa hii, kwa kuwa magari ya mizigo ya huku mengi yana springi za majani, na njia zetu hazina huruma. Jani likiongezwa, springi iliyokuwa ikishuka sentimeta 1 kwa kilo 40 yaweza kuhitaji kilo 60. Hesabu yetu itageuka: kilo 480 zitaushusha mkia sentimeta 4 badala ya 6. Ni faida. Lakini jani hilo halijui siku ya mnada na siku isiyo ya mnada. Gari likiwa tupu springi ni ngumu vile vile, na nyuma ya gari hurukaruka juu ya matuta madogo ya barabara ya vumbi kama mbuzi, magurudumu yakiiacha ardhi. Atakayebeba mzigo siku zote ataridhika. Atakayevuta tela mara mbili kwa mwezi atajuta siku nyingine zote.

Kwa sababu hiyo wengine hupenda springi za msaada, ambazo hukaa bila kazi mpaka mzigo uzifikie. Nyingine ni majani mafupi juu ya springi ya asili; nyingine ni matofali ya mpira yenye uwazi ndani, yafungwayo kati ya fremu na ekseli. Hizi za mpira hazina jambo la kutengeneza wala kuharibika upesi, na gari tupu halizihisi sana. Kasoro yake ni kwamba kipimo chake hakibadiliki: ukishachagua ukubwa, umechagua.

Ipo tena mifuko ya hewa. Ni mifuko miwili ya mpira mnene, mmoja kila upande, iliyowekwa kati ya fremu na ekseli, nayo hujazwa upepo kama tairi. Mzigo ukiwa mkubwa hujazwa zaidi, ukiwa mdogo hupunguzwa. Nyingi huruhusiwa kujazwa mpaka ratili 100 kwa kila inchi ya mraba, na hata gari likiwa tupu hazifai kuachwa bila upepo, bali zibaki na ratili kama 5, zisije zikajikunja na kujisaga zenyewe. Yafaa kila mfuko uwe na mrija wake. Ikiwa mifuko miwili imeunganishwa kwa mrija mmoja, gari likikata kona upepo hutoka katika mfuko uliokandamizwa ukaingia katika ule mwepesi, yaani hukimbia pale unapohitajiwa, na gari huzidi kuinama upande.

Mifuko hii ni mizuri, lakini yataka akili. Springi ya majani hubeba fremu mahali pawili, kwenye ncha yake ya mbele na ncha yake ya nyuma, na mzigo hugawanyika. Mfuko wa hewa husukuma fremu mahali pamoja tu, juu ya ekseli. Mfuko ukijazwa sana, na nyuma yake pana tela zito na sanduku limejaa, fremu huwa kama fimbo inayovunjwa juu ya goti. Katika Australia, ambako watu husafiri mamia ya maili katika njia mbovu na matela yao, pikapu kadha wa kadha zimeonekana zimepindika fremu nyuma ya chumba cha watu, na mifuko ya hewa imehesabiwa kuwa mojawapo ya sababu, pamoja na mizigo iliyopita kiasi. Gari lilionekana limesimama sawasawa, na mwenyewe alifurahi, kumbe chuma kilikuwa kikiteseka.

Tazama sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Jani, tofali la mpira na mfuko wa hewa, vyote vitatu huinua mkia wa pikapu. Lakini hakuna hata kimoja kinachorudisha zile kilo 120 mbele. Mtaimbo ukiwekewa egemeo gumu badala ya egemeo laini bado ni mtaimbo ule ule. Pikapu huonekana imenyooka, taa zimerudi njiani, na mizani ikiulizwa itasema vile vile: mbele kilo 1,280. Jicho limeridhika lakini magurudumu hayakuridhika.

Kirudishacho uzito mbele ni kifungio cha namna nyingine, chenye fito mbili za chuma cha pua. Fito hizo hutoka kwenye kifungio zikaelekea nyuma chini ya mkono wa tela, na ncha zake huvutwa juu kwa minyororo. Fikiri toroli la mkono limefungwa imara nyuma ya gari, na mtu ameshika vishikio vyake akiviinua kwa nguvu. Mkia wa gari utainuka, na pua itakandamizwa chini. Fito hufanya kazi ya mtu huyo. Katika mfano wetu, zikivutwa kiasi cha kurudisha kilo 80 mbele, na ikiwa magurudumu ya tela yako meta 4.8 nyuma ya ekseli ya nyuma ya pikapu, kilo 60 nyingine zitakwenda kwenye magurudumu ya tela. Ekseli ya nyuma ya pikapu itapumzishwa kilo 140. Mbele sasa ni kilo 1,360, nyuma kilo 1,340. Na mkia? Umeshuka sentimeta 4 na robo tu, karibu sawa na kama jani lingeongezwa, na hakuna springi iliyoguswa.

Ndiyo maana kwa tela la namna hii, kama kitabu cha gari kinaruhusu, fito hizo hutangulia, na springi hufuata ikiwa bado pana haja. Fito nazo zisivutwe kupita kipimo kilichoandikwa. Uzito ukitupwa mno mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yatakayokuwa mepesi, na kona yenye maji itamwonyesha dereva kosa lake.

Yapo matela mengine, makubwa zaidi, yenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata bukini, ambayo hufungwa ndani ya sanduku la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Hayo hayanyanyui pua ya gari. Lakini huilalia pikapu kwa kilo 15 mpaka 25 katika kila 100 za uzito wao, na uzito huo hushuka moja kwa moja juu ya springi. Hapo springi za msaada au mifuko ya hewa ni dawa yenyewe hasa, na mwenye kuzinunua hakupoteza fedha yake.

Wako watu ambao, wakiona mkia umeshuka, hawaendi dukani wala kwa fundi. Hufungua mlango wa tela, wakarudisha mzigo nyuma, mpaka mkono wa tela uwe mwepesi na pikapu inyanyuke. Ni rahisi, haina gharama, na ni kosa kubwa kupita yote yaliyotajwa hapa. Tela ambalo uzito wake uko nyuma ya magurudumu yake halifuati gari kwa utulivu. Kwa mwendo mdogo halionyeshi kitu. Mwendo ukizidi, upepo mmoja wa kando, au lori moja linalopita, hulisukuma kidogo. Mkia wa tela huenda kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi, na kila mara huuburuta mkia wa pikapu pamoja nao. Dereva akigeuza usukani kwa hofu huongeza mwyumbo. Katika muda mfupi tela laweza kupinduka na gari pamoja nalo. Impasalo ni kuacha mafuta na kuacha kupigana na usukani, aushike ukiwa umenyooka, na kama breki za tela hufungwa peke yake kwa mkono, azitumie hizo. Lakini mwyumbo mkubwa haumpi mtu nafasi ya kukumbuka. Mzigo hupangwa kabla ya kuondoka: sehemu iliyo kubwa kidogo kuliko nusu mbele ya magurudumu ya tela, na vitu vizito chini. Ng'ombe nao hutengwa kwa kizuizi katikati, maana ng'ombe hawajui hesabu, na wakisongamana mlangoni mizani yote hugeuka.

Tena pana mpaka ambao hakuna springi inayoweza kuusogeza. Katika pikapu za Marekani kuna kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, nacho hutaja uzito wote ambao gari linaruhusiwa kuwa nao, na uzito wa kila ekseli. Wauzaji wengine huwaachia wanunuzi wadhani kwamba springi mpya huongeza hesabu hiyo. Haiongezeki. Springi ni kiungo kimoja. Ekseli, beringi, tairi, breki na fremu ni zile zile zilizotoka kiwandani, na mnyororo hukatika penye pete dhaifu. Kifungio pia kina kipimo chake kilichoandikwa. Na kuhusu breki, majimbo mengi ya nchi hiyo huamuru tela linalopita ratili 3,000, yaani kilo 1,360 hivi, liwe na breki zake lenyewe.

Basi mkulima wetu, kabla ya kununua chochote, huenda na pikapu na tela lililojaa mpaka kwenye kituo cha malori chenye mizani ya kulipia. Husimama juu yake, na kila ekseli hupata hesabu yake katika karatasi. Kisha hulifungua tela, akaipima pikapu peke yake. Karatasi hizo mbili humwambia mambo ambayo jicho haliwezi kumwambia: mbele pamepungua kiasi gani, nyuma pameongezeka kiasi gani, na kama mpaka wa kibandiko umepitwa. Ikiwa umepitwa, dawa ni tela dogo au pikapu kubwa. Ikiwa haukupitwa, huanza na fito, kisha hupima toka ardhini mpaka kwenye ukingo wa bawa la tairi, mbele na nyuma, huandika, na kama mkia bado uko chini hutia springi za msaada, au upepo mifukoni kidogo kidogo. Hatafuti kuurudisha mkia mpaka ulipokuwa siku gari lilipokuwa tupu. Mshuko mdogo ni haki ya gari lililopakiwa.

Baada ya maili mia za kwanza hulala tena chini ya gari na spana. Boliti zile za U, zikiwa zimefunguliwa kwa ajili ya jani jipya, hulegea kidogo majani yanapokaa mahali pake, na nati zake hazina budi kukazwa mara ya pili kwa kipimo. Penye mifuko ya hewa hupaka povu la sabuni kwenye viungo vya mirija na kungoja aone kama patatokea mapovu, tena hutazama kama mrija wowote umekaribia bomba la moshi, ambalo kwa joto lake huyeyusha mpira. Kisha huwafungulia ng'ombe mlango wa tela.